Kitaluni na Mama Miche: Mchanga wako unaujua?

Toleo lililopita niliandika aya mbili tu kuhusu kuotesha vipandikizi, yaani vijiti vilivyokatwa kwenye mmea ili vitoe mizizi, kwenye mchanganyiko wa mchanga na piti mosi (mabaki ya mmea wa kinamasi yanayouzwa kwa mifuko), nusu kwa nusu kwa ujazo. Barua zilizokuja zimejaza boksi la biskuti. Nimezisoma zote, na karibu kila aliyepoteza miche alipotelea mahali pamoja: niliandika neno "mchanga" bila kusema mchanga gani. Kwa hiyo leo ukurasa wote ni wa jambo hilo.

Kwa wageni: nina kitalu kando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi, upande wa Usa River, na huu ni mwaka wa 19. Kabla ya hapo nilifanya kazi miaka 11 kwenye shamba la maua, kitengo cha katingi, yaani vipandikizi, za krisanthemu, ambako kila trei ilijazwa piti iliyokuja kwa meli kutoka Ulaya. Piti nilijifunzia huko. Mchanga nimejifunzia hapa kitaluni, kwa kupoteza miche.

"Shikamoo Mama Miche. Nilifuata maelezo yako. Nilichota mchanga mweupe ufukweni, nikauosha mara mbili, nikachanganya na piti niliyonunua Kariakoo. Nikachomeka vijiti 40 vya bogonvilia. Wiki ya tatu vingi vimekuwa vyeusi chini, na vile vilivyotoa majani, majani ni ya njano. Nimekosea wapi?" – Msomaji, Kigamboni

Marahaba, mwanangu. Pole kwa vijiti 40, najua ilivyo kuvitazama kila asubuhi vikiisha kimoja kimoja. Mkono wako hauna kosa, kosa liko kwenye mchanga.

Mchanga mweupe wa fukwe zetu mara nyingi umechanganyika na matumbawe na makombe yaliyosagwa na mawimbi. Ukiuosha, chumvi inatoka. Chokaa haitoki, kwa sababu punje zenyewe ndizo chokaa. Piti ina uchachu mkali, na chokaa ile inaumaliza wote na kuupita, kisha mche unashindwa kuchukua madini ya chuma. Jani linakuwa njano huku vijishipa vyake vimebaki kijani. Litazame tena, nadhani ndivyo lilivyo.

Kabla hujachanganya chochote tena, fanya hivi. Weka kijiko cha mchanga kwenye kisahani, dondoshea siki. Ukiona povu linachemka kama soda iliyofunguliwa sasa hivi, una chokaa. Mchanga huo mpe fundi. Usipotoa povu, jaza nusu ya chupa ya jamu, ongeza maji karibu na mdomo, tikisa kwa nguvu, kisha iache mezani mpaka kesho yake. Mchanga utashuka mara moja, na tope litashuka taratibu usiku kucha na kulala juu yake kama utando. Utando ukizidi unene wa sarafu ya shilingi mia, mchanga huo unahitaji kuoshwa sana au kuachwa.

Tope linaua kwa sababu moja. Kipandikizi ni kidonda, na kidonda hicho kinataka maji na hewa kwa wakati mmoja, mahali pamoja. Piti kazi yake ni kushika maji. Mchanga kazi yake ni kuacha nafasi za hewa kati ya punje na punje. Tope linaziziba nafasi hizo. Ukishaziziba umebaki na maji peke yake, na huo weusi wa chini ndio mwanzo wa kuoza.

Ukienda kwa wauza mchanga, usiseme "nataka mchanga". Watakupa wa lipu, ambao ni laini mno. Sema unataka wa zege, wa mto. Ukifika nyumbani upitishe kwenye wavu wa kuanikia kahawa au wavu wowote wa matundu kama hayo utoe kokoto, halafu upitishe kwenye chekeche la unga. Mama zetu jikoni huhifadhi kinachopita kwenye chekeche; sisi hicho ndicho tunachotupa. Kinachobaki juu, punje kati ya ukubwa wa sukari na ukubwa wa ulezi, ndicho chetu.

Na vijiti vyenyewe, chukua vya unene wa penseli, vilivyokomaa rangi ya kahawia, ukate chini kidogo ya kifundo, pale jani linapotokea. Vya kijani kwenye joto la Dar vinaoza hata kwenye mchanga mzuri.

"Mama Miche, habari za kazi. Mimi ni mzee wa miaka 71, napanda rozmeri na lavenda huku Lushoto. Nimenunua mfuko wa piti. Nikiimwagia maji yanakimbia juu yake kama juu ya jani la mgimbi, na chini ni vumbi kavu. Je, nimeuziwa bandia?" – Msomaji, Lushoto

Shikamoo, mzee wangu. Hujauziwa bandia. Piti halisi ikishakauka inakataa maji, na mfano wako wa jani la mgimbi ni sahihi kabisa, nitauazima.

Piti mosi ni mabaki ya mmea mdogo wa kinamasi uitwao sfagnamu, unaoota nchi za baridi kama Kanada, Ufini, Latvia na Ayalandi. Unakufa chini huku ukiendelea kukua juu, na kwa kuwa pale chini hakuna hewa na maji yana uchachu, hauozi ukaisha. Tabaka linaongezeka kama milimita moja kwa mwaka. Kwa hiyo piti ya kina cha mita moja ina takriban miaka 1,000 ndani yake. Ikiwa na unyevu inaweza kubeba maji zaidi ya mara kumi ya uzito wake mkavu. Ikikauka kabisa, inafunga mlango.

Hili lilinigharimu. Mwaka wangu wa pili kitaluni nilinunua piti kwenye mfuko uliokuwa umefunguliwa dukani siku nyingi. Niliichanganya kavu na mchanga, nikajaza trei, nikamwagilia mpaka juu pakawa peusi pazuri. Nikachomeka katingi 600 za rozmeri, oda ya hoteli. Siku ya kumi zilianza kuinama. Nilipochimba kwa kidole, chini ya sentimita mbili palikuwa na vumbi la rangi ya ugoro, kavu kama lilivyotoka mfukoni. Maji yote niliyomwaga yalikuwa yamepita pembeni ya trei. Katingi zilikufa kwa kiu huku mimi nazimwagilia mara tatu kwa siku. Oda iliondoka, na yule mteja hakurudi.

Sasa nafanya hivi, na naomba nawe ufanye hivi. Jioni ya kuamkia kazi, mimina piti kwenye karai pana. Pasha maji yawe ya uvuguvugu, ya kumwogeshea mtoto. Yamwage kidogo kidogo huku mkono mwingine unaivunjavunja na kuigeuza, kama anayekanda unga wa maandazi lakini bila kuukandamiza. Mwanzoni maji yataelea. Endelea tu, rangi itaanza kubadilika kutoka kahawia hafifu kuwa kahawia nzito, na utasikia mkononi imekuwa baridi. Ikigoma, weka tone moja la sabuni ya maji kwenye ndoo, lisizidi. Funika na gunia mpaka asubuhi.

Asubuhi chukua ngumi moja, kamua. Yakitoka matone mawili matatu katikati ya vidole, iko tayari. Yakitiririka, imezidi maji. Kisipotoka kitu, rudi kwenye karai. Hapo ndipo unaongeza mchanga, wala usiuongeze kabla. Baada ya kuchanganya, kamua tena ngumi moja na ufungue kiganja: donge linatakiwa lisimame, na ukiligusa kwa kidole limeguke.

Kwa rozmeri na lavenda, mzee wangu, usitumie nusu kwa nusu. Hiyo mimea asili yake ni miamba mikavu ya Mediterania. Weka mchanga makopo matatu, piti kopo moja. Na huko Lushoto kukiwa na ukungu wiki nzima, usimwagilie mpaka juu papauke.

"Mama, hiyo nusu kwa nusu imetoka wapi? Mimi ninaotesha mbegu za parachichi za kubebeshea aina ya Hass. Nilitumia piti tupu nikidhani kizuri kikizidi ni kizuri zaidi. Mbegu 120 zimeoza, zikikatwa zinanuka." – Msomaji, Njombe

Swali zuri. Mwaka 1957 Chuo Kikuu cha California kilitoa kitabu cha mwongozo kilichohaririwa na Kenneth Baker kuhusu namna ya kupata miche safi isiyo na magonjwa. Kabla ya hapo kila mwenye kitalu alikuwa na udongo wake wa siri, na kila shehena ya udongo ilikuja na tabia tofauti. Wale waliamua kuanza na vitu viwili tu vinavyopatikana vikiwa vilevile kila mara, mchanga laini na piti mosi, wakapanga michanganyiko mitano: mchanga mtupu, robo tatu mchanga na robo piti, nusu kwa nusu, robo mchanga na robo tatu piti, na piti tupu. Nusu kwa nusu ilikuwa ya katikati. Haikuwa sheria. Watu wameishika kwa sababu ni rahisi kuikumbuka, mimi nikiwa mmoja wao.

Jiulize mmea wako unachukia nini. Parachichi huchukia miguu kukaa majini. Adui yake mkubwa, kimelea cha kuozesha mizizi kiitwacho Phytophthora, ana mbegu zenye mikia zinazoogelea kwenye maji yaliyomo kati ya punje mpaka kwenye mzizi. Piti tupu yenye maji umeifanya bwawa lake. Kwa mbegu za parachichi mimi natumia mchanga wa zege uliochekechwa makopo matatu na piti kopo moja, na mwaka ambao piti imepanda bei natumia mchanga na pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi, na sijaona hasara.

Mbegu usiokote chini ya mti, chuma tunda. Ukiwa na kipimajoto, ziloweke kwenye maji ya nyuzi 49 hadi 50 kwa dakika 30 kisha zipoze kwenye maji safi baridi. Bila kipimajoto usijaribu, utazipika.

Na mchanga usafishe kwa moto. Nusu pipa juu ya mafiga, mchanga wenye unyevu, funika na bati, na katikati fukia kiazi mviringo kidogo. Kiazi kikiiva kikawa laini, zima moto. Nilifundishwa hivyo na mzee mmoja wa bustani na sijawahi kuacha. Mchanganyiko wa mchanga na piti una faida moja hapo: hata ukizidisha moto kidogo haukutolei sumu, tofauti na udongo wenye samadi.

Kumbuka pia kwamba humo hakuna chakula. Mbegu ya parachichi ina akiba yake tumboni, lakini mche ukifika kimo cha kalamu uhamishie kwenye kiriba chenye udongo na mboji. Na usibebe trei nyingi za mchanga juu ya kichanja cha mirunda bila kufikiri: debe moja la mchanga mkavu ni kama kilo 30, likilowa linazidi.

"Asalaam aleikum Bi Mkubwa. Sisi huku Bwejuu tunafukia makumbi ya nazi pwani, tunayafukua baada ya miezi, tunayapondaponda kupata usumba wa kusokota kamba. Lile vumbi linalobaki tunalitupa. Kijana wangu asema laweza kushika nafasi ya hiyo piti yenu. Nataka kuotesha pilipili manga." – Mama wa watoto wanne, Bwejuu, Unguja

Waaleikum salaam, dada yangu. Barua yako imenifurahisha kuliko zote, kwa kuwa mnatupa kitu ambacho wengine wanakinunua kimekandamizwa matofali na kusafirishwa kutoka India na Sri Lanka. Kijana wako yuko sahihi. Vumbi la makumbi linashika maji vizuri, halina uchachu mkali wa piti, na lina wema mmoja ambao piti haina: likikauka linakubali maji tena bila ugomvi.

Lakini lenu limelala baharini. Limejaa chumvi kama ng'onda. Tena hata vumbi la makumbi ambayo hayajaona bahari lina potasiamu na sodiamu za mnazi wenyewe. Kwa hiyo litie kwenye viroba, lilowekwe kwenye maji ya kisima yasiyo na chumvi, siku ya pili maji yamwagwe, yatiwe mapya. Rudia mara nne au tano. Kama kuna duka la pembejeo karibu, maji ya mwisho kabla ya kusuuza yatie mbolea ya kalsiamu naitreti kiasi kidogo yakae usiku kucha, ili kalsiamu ichukue nafasi ya sodiamu iliyonasa kwenye vumbi. Ukikosa, endelea kusuuza tu, na mvua za masika ziachie zikusaidie: tandaza viroba nje.

Usiniamini mimi wala usiamini macho. Panda kunde kumi kwenye kopo la vumbi na kunde kumi kwenye kopo la udongo wa shamba. Baada ya siku kumi zilinganishe. Kama za kwenye vumbi zimedumaa au ncha za majani zimeungua, chumvi ingalimo.

Mchanga ndio utakaokusumbua, maana wa pwani ya Bwejuu wote ni matumbawe. Tumia uliopita jaribio la siki, hata kama ni wa kuagiza mjini kwa viroba viwili tu. Hauishi, unaoshwa na kutumika tena. Changanya sawa kwa sawa. Pilipili manga kata vipande vya vifundo viwili au vitatu kutoka kwenye mche unaopanda juu, bakiza jani moja, fukia kifundo kimoja. Weka chini ya kivuli cha makuti. Na lile vumbi, nakuomba, waambie na wenzio wasilitupe.

"Jambo Mama. Huku kwetu Rusizi, Rwanda, tuna nyiramugengeri, ile piti ya mabondeni ambayo watu huchoma. Ni bure karibu. Kwa nini ninunue ya Ulaya?" – Msomaji, Rusizi

Jambo, ndugu yangu. Jina ni moja, kitu ni viwili. Piti ya mabonde yenu imetokana zaidi na mafunjo na nyasi za kinamasi, imeoza zaidi kuliko sfagnamu, na ni laini na nzito. Ikilowa inashikana, ikikauka inakuwa tofali. Ndiyo maana inafaa kwa moto, na ndiyo maana vituo vya umeme vya Gishoma na Gisagara vilijengwa kuichoma. Kwa kipandikizi haina hewa ya kutosha. Ukiwa nayo tayari, isizidi kopo moja kwa manne ya mchanga wa punje kubwa, na ijaribu kwanza kwa vipandikizi kumi.

Ila usiende kuichimba kwa ajili ya kitalu. Kinamasi kikikaushwa hakirudi katika maisha yetu, na maji yanayotunzwa pale ndiyo yanayowafikia walio chini. Mwaka 2017 watafiti walichapisha ramani ya piti ya bonde la Kongo: takriban kilomita za mraba 145,500, na kaboni ya karibu tani bilioni 30 iliyolala humo. Tangu niliposoma hayo, hata piti ya Ulaya nimeipunguza. Naiweka kwa miche inayoidai kweli. Wewe uko karibu na Bugarama, kwenye mpunga. Omba pumba mashineni, zichome polepole mpaka ziwe nyeusi, zimwagie maji kabla hazijawa majivu. Pumba hizo sawa kwa sawa na mchanga zitakufaa kuliko kinamasi.

"Habari Mama. Mimi huweka kokoto chini ya chungu ili maji yatoke haraka. Mbona bado mizizi inaoza?" – Msomaji, Kitale, Kenya

Kwa sababu maji hayashuki kirahisi kutoka kwenye vitundu vidogo kwenda kwenye vikubwa. Yanasimama juu ya kokoto, na umeyapandisha karibu zaidi na mizizi. Chukua sifongo ya kuoshea vyombo iliyolowa, ilaze, itaacha kudondosha. Isimamishe wima, itadondosha tena. Chungu nacho ni hivyo: kirefu kinatoa maji kuliko kifupi. Toa kokoto, jaza mchanganyiko uleule mmoja kutoka juu mpaka chini, ongeza mchanga wa punje kubwa.

"Shikamoo Mama. Masale yangu ya mapambo, yale ya majani yenye mstari, ncha zinakauka rangi ya kahawia. Nimebadilisha mchanganyiko mara tatu." – Msomaji, Maji ya Chai

Marahaba, jirani. Acha kubadilisha mchanganyiko, badilisha maji. Maji yetu ya upande huu wa Meru yana floridi nyingi, ileile inayotia meno ya watoto wetu rangi, na masale ni miongoni mwa mimea inayoumizwa nayo mapema kabisa. Piti inaongeza tatizo, kwa kuwa kwenye uchachu floridi inachukuliwa kirahisi zaidi. Kinga maji ya mvua kwenye pipa kwa ajili ya masale peke yake. Kwenye kila debe la piti changanya gramu 60 hadi 100 za chokaa ya dolomaiti, na mbolea za fosfati usiweke. Ncha zilizokwisha kuungua hazirudi. Angalia majani mapya.

"Shikamoo Mama. Nina miaka 19, nipo Mbozi. Nimechukua katingi za kahawa chotara kwenye miche ya jirani, aliniruhusu. Zimechipua majani mazuri mapya baada ya wiki tatu, nikafurahi. Wiki ya tano zote zimekauka. Nilikuwa nazivuta kila siku mbili kuona kama zimeshika." – Msomaji, Mbozi

Marahaba, mwanangu. Jani jipya si ushahidi wa mzizi. Kijiti kina akiba ya chakula na maji ndani yake, na joto likipatikana kinaitumia kutoa majani. Majani yanaanza kunywa, chini hakuna mdomo, akiba inakwisha. Tena ulipokuwa unavuta, ulikuwa unavunja. Mzizi mpya wa kahawa ni mweupe, mnene kama uzi wa kushonea viatu, na unakatika kama tambi mbichi. Hata usipovutwa, mzizi uliokulia kwenye mchanga mtupu ni mrefu, hauna matawi, na unavunjika wakati wa kuhamisha. Ndiyo sababu kwa kahawa siachi piti kabisa: kopo moja ya piti kwa mawili ya mchanga, mzizi unatoa vijitawi vinavyoshika donge na kuhama nalo.

Sasa jambo ambalo huenda hukuambiwa. Kahawa ina matawi ya aina mbili, machipukizi yanayosimama wima na matawi ya pembeni yanayozaa. Katingi ya tawi la pembeni hata ikishika itakua ikilala maisha yake yote, haitakuwa mti. Chukua machipukizi ya wima tu. Kata kipande chenye kifundo kimoja na majani yake mawili, kila jani lipunguze nusu kwa mkasi, chini yake uache kikonyo cha vidole viwili. Zikate alfajiri, ziweke kwenye ndoo ya maji, zichomekwe siku hiyohiyo.

Zinahitaji nyumba. Fremu ya mbao, ndani umeitandika nailoni isiyovuja. Chini mawe makubwa, juu yake kokoto, juu yake changarawe, na juu kabisa mchanganyiko wako sentimita kumi hivi. Mimina maji kupitia kipande cha bomba pembeni mpaka yaishie kwenye changarawe, yasiguse mchanganyiko; hapa kokoto ni ghala la maji, si za kutoa maji kama kwenye chungu. Funika yote kwa nailoni nyeupe inayoonyesha ndani, iliyobanwa vizuri, weka chini ya wavu wa kivuli au chini ya mti. Watafiti wa Uskoti ndio waliotengeneza sanduku la namna hii kwa ajili ya vitalu visivyo na umeme wala mashine ya kunyunyiza ukungu wa maji. Maji yanapanda kama mvuke, yanagota kwenye nailoni, yanarudi. Asubuhi ukiona nailoni ina matone ndani, zimelala salama. Ukilifungua, lifungue alfajiri au jioni, nyunyiza majani, funga.

Miche ya kahawa ya aina hiyo inazalishwa kwa utaratibu na taasisi yetu ya utafiti wa kahawa, TaCRI, ambayo makao yake yako Lyamungu na ina kituo huko kwenu Mbimba. Nenda ukaone wanavyokata. Macho yatakufundisha kwa saa moja yale ambayo barua yangu haiwezi.

Kahawa haina haraka, miezi miwili hadi mitatu na wakati mwingine zaidi. Usivute hata moja. Tumia trei au makopo yenye matundu chini, na baada ya wiki ya nane inua kopo moja uchungulie chini. Mzizi mweupe ukichungulia tundu, ziache wiki mbili nyingine, kisha anza kufungua nailoni kidogo kidogo, siku ya kwanza nusu saa, siku ya pili saa moja, mpaka majani yazoee upepo. Nitumie barua siku utakayouona huo mweupe wa kwanza, na uniandikie ulichukua mchanga wa mto gani.